Tumbo Limepungua, Mahitaji Hayajapungua

Mtu mzima mwenye afya njema anahitaji maikrogramu 2.4 tu za vitamini B12 kwa siku. Samaki, maziwa au kipande kidogo cha ini humtosheleza bila yeye mwenyewe kujua. Lakini ASMBS, chama cha Marekani cha wataalamu wa upasuaji wa kupunguza uzito, kinamtaka mtu aliyefanyiwa upasuaji huo ameze maikrogramu 350 hadi 1,000 za vitamini hiyohiyo kila siku, au achomwe sindano ya maikrogramu 1,000 kila mwezi. Hata dozi ya chini kabisa hapo inapita hitaji la kawaida zaidi ya mara 140. Anayesimama kwenye kaunta ya duka la dawa na kuulizwa anataka multivitamini ya bei gani hana budi kujua tofauti hiyo imetoka wapi, kwa sababu ndiyo itakayomwonyesha kopo lipi linamfaa na lipi litamla fedha bure.

Miaka michache tu iliyopita swali hili lilikuwa la watu wa mbali. Sasa limefika nyumbani. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, huweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito. Nairobi nako upasuaji huu unapatikana, na wenye uwezo au wenye ndugu huko husafiri hadi India, Uturuki au nchi za Ghuba, ambako umekuwa jambo la kawaida kabisa. Mgonjwa hurudi kwao na begi lenye makopo ya miezi mitatu na karatasi yenye majina ya biashara ya dawa za nchi nyingine. Makopo yakiisha, anaanza kuzunguka madukani na ile karatasi mkononi, na kila mfamasia anamwambia hajawahi kuisikia dawa hiyo.

Ili achague vizuri, kwanza aelewe tumboni mwake kumefanyika nini. Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika slivu, daktari hukata na kutoa kabisa kiasi cha asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, likabaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika baipasi, ambayo msingi wake uliwekwa na daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966 na wengine wakairekebisha baadaye, sehemu ya juu ya tumbo hutengwa ikawa kifuko kidogo cha takriban mililita 30, kisha kifuko hicho huunganishwa na utumbo mdogo mahali palipo chini zaidi. Chakula kinaruka duodeni, yaani sehemu ya kwanza kabisa ya utumbo.

Na duodeni ndipo chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Aliyefanyiwa baipasi anaweza kula maini na dagaa kila siku, na bado sehemu kubwa ya madini hayo ikapita bila kuchukuliwa.

Kisa cha B12 kina hatua zaidi. Vitamini hii imeshikamana na protini ya nyama au samaki, na asidi ya tumboni ndiyo inayosaidia kuitenganisha. Kisha inahitaji protini nyingine, mbebaji wake, inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, ili ifike salama mwisho wa utumbo mdogo inakofyonzwa. Tumbo likishakatwa, asidi imepungua na mbebaji amepungua. Bahati nzuri mwili una njia ya pembeni: kiasi kama asilimia 1 ya dozi kubwa hupenya chenyewe bila msaada wa mbebaji. Asilimia 1 ya maikrogramu 350 ni 3.5, kiasi kinachotosha mahitaji ya siku kwa ziada kidogo. Kidonge cha kawaida chenye maikrogramu 2 au 3 kingeacha kitu gani kwa hesabu hiyo? Uingereza, ambako wataalamu hawapendi kubahatisha, mwongozo unapendekeza sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu kwa waliofanyiwa slivu na baipasi.

Wengi hudanganywa na muda. Ini linaweza kuhifadhi B12 ya kutumia miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kuacha vidonge, akajisikia mzima mwaka mzima au miwili, akaamini kwamba madaktari walimtisha bure. Kisha ganzi inaanza kwenye vidole vya miguu, kumbukumbu inapungua, anatembea kwa kusitasita. Upungufu wa B12 ukiachwa mpaka mishipa ya fahamu iharibike, matibabu huenda yasirudishe kila kilichopotea.

Vitamini B1, iitwayo pia thiamini, iko upande wa pili kabisa. Akiba yake mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Ugonjwa wa beriberi unaotokana na kuikosa ndio uliompeleka Mholanzi Christiaan Eijkman kuchunguza kuku huko Java mwishoni mwa karne ya 19. Aligundua kwamba kuku waliolishwa mchele uliokobolewa ukawa mweupe walidhoofika miguu, na waliopewa usiokobolewa wakapona. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Ugali wa sembe una kasoro hiyohiyo ya mchele wa Eijkman, maana thiamini nyingi ya mahindi huondoka na pumba.

Sasa fikiria mama aliyefanyiwa slivu au kuwekewa puto, ambaye kila anachomeza kinarudi. Wiki ya kwanza anasema ni kawaida. Wiki ya pili anaishi kwa maji na juisi. Ya tatu ndugu zake wanamkimbiza zahanati ya jirani, na kwa kuwa amelegea anatundikiwa dripu ya glukosi. Nia ni njema, lakini mwili unapoichakata sukari hiyo hutumia thiamini, na huyu amebakiwa na chembe tu. Anaweza kuanza kuchanganyikiwa, macho yakacheza au akaona vitu viwiliviwili, akayumba anaposimama. Hiyo ni dharura ya ubongo. Tiba yake ni thiamini ya mshipani, na inatakiwa itangulie au iende pamoja na glukosi. Dawa hiyo si ya gharama kubwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia mhudumu kwamba mgonjwa huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo au aliwekewa puto, na ametapika kwa wiki mbili. Mume, dada au jirani anayemsindikiza ajue kuyasema maneno hayo mapema, kabla hata hajaulizwa. Kwa siku za kawaida, mwongozo wa Marekani unataka angalau miligramu 12 za thiamini, na unaona 50 ni bora zaidi, kiasi kinachopatikana katika vidonge vingi vya B-komplex.

Tugeuze kopo tuangalie nyuma, kwa sababu mbele huandikwa sifa na nyuma ndiko kuna hesabu.

Kalsiamu ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Lengo ni miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ukihesabu chakula na vidonge pamoja. Kidonge kimeandikwa "kalsiamu kaboneti miligramu 1,250", na mnunuzi anaona amemaliza kazi kwa kidonge kimoja. Lakini asilimia 40 tu ya kaboneti ndiyo kalsiamu yenyewe, kwa hiyo amepata 500. Kalsiamu sitreti ni asilimia 21 tu: kidonge cha miligramu 1,000 kina kalsiamu 210. Kwa hesabu hiyo kaboneti inaonekana bora, tena ni ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba kaboneti inahitaji asidi ya tumboni ili iyeyuke, na asidi ndiyo iliyopungua. Sitreti haihitaji asidi hiyo na humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Ndiyo maana wataalamu wengi huipendelea. Anayepata kaboneti peke yake asikate tamaa, ila aimeze katikati ya mlo. Na mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa mara moja, kwa hiyo kumeza dozi yote asubuhi ili "kumaliza" hakusaidii.

Vidonge vya chuma navyo vina fumbo kama hilo. Kile kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma chenyewe takriban miligramu 60 hadi 65. Mwanamke anayepata hedhi, na yeyote aliyefanyiwa slivu au baipasi, anatakiwa kupata miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Hapa kuna habari njema ambayo haitangazwi sana: kidonge cha kuongeza damu kinachofahamika na kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito kina chuma cha kiasi hichohicho. Mwongozo wa Uingereza unataja feras salfeti ya kawaida, bila kudai kopo lenye picha ya mwanamke mwembamba. Vitamini D huandikwa kwa vipimo viwili tofauti, na yuniti 40 ni sawa na maikrogramu 1. Kwa hiyo yuniti 3,000 zinazopendekezwa kwa siku ni maikrogramu 75.

Lakini si Pwani kuna jua la kutosha? Lipo, ila ngozi nyeusi huchukua muda mrefu zaidi kutengeneza vitamini D, wengi hujifunika au hufanya kazi ndani, na kwa mtu mnene vitamini hiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili. Upungufu wake ni wa kawaida hata Ghuba, ambako jua linachoma karibu mwaka mzima. Vitamini D ikikosekana kalsiamu haifyonzwi, na mwili huichota kwenye mifupa ili moyo na misuli vipate ya kutumia. Hakuna maumivu yanayomwonya mtu hayo yanapoendelea.

Kupanga saa ni kazi nyingine, na pengine ndiyo ngumu kuliko kununua. Chuma na kalsiamu hugombania njia moja, kwa hiyo viachane angalau saa mbili. Chai nayo, hasa ya rangi iliyokolea, ina tanini zinazokikamata chuma kisiingie, na maziwa yana kalsiamu. Kikombe cha chai ya maziwa cha asubuhi, ambacho katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hakiguswi na mjadala, ndicho adui mkubwa wa kidonge cha chuma kilichomezwa dakika tano kabla. Anayetaka kuendelea na chai yake akipeleke chuma wakati wa kulala, kwa maji yaliyokamuliwa limau au juisi ya chungwa isiyotiwa sukari, kwani vitamini C hukisaidia kufyonzwa. Kalsiamu ibaki ya mchana.

Wapo pia wenye dawa nyingine. Dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, inataka saa nne mbali na chuma na kalsiamu. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kimoja cha siku wanachotumia watu wengi wanaoishi na VVU katika nchi zetu, hunaswa na madini hayo. Utaratibu wa kawaida ni kuimeza saa mbili kabla yake au saa sita baada yake, ama zote kwa pamoja na chakula. Mtu wa namna hii asipange ratiba peke yake. Aipange na wahudumu wa kliniki yake, nao waambiwe wazi kuhusu upasuaji. Metformini ya kisukari na omeprazoli ya kiungulia hushusha B12 zikitumika kwa muda mrefu. Omeprazoli inastahili kutajwa mara mbili, kwa sababu slivu yenyewe huleta kiungulia kwa wengi, mtu akaimeza miezi kwa miezi bila cheti, na asidi ile kidogo iliyobaki ikapungua tena.

Mwezi wa Ramadhani, saa za kumeza zinabana kati ya futari na daku. Waliofanyiwa upasuaji karibuni hushauriwa wasifunge hadi daktari aridhike kwamba wanakunywa na kula vya kutosha. Waliokwishatulia hupanga upya: kalsiamu moja wakati wa kufuturu, nyingine kabla ya kulala, chuma wakati wa daku bila chai.

Madukani na mitandaoni kuna vishawishi vingi. Vitamini za jeli tamu, zile zinazofanana na peremende, kwa kawaida hazina chuma, na nyingi hazina thiamini. Viraka vya kubandika ngozini vinauzwa kwa bei kubwa, lakini havijathibitishwa kuweza kushika nafasi ya vidonge. Biotini inanunuliwa kwa fujo na wanawake ambao nywele zimeanza kunyonyoka mwezi wa tatu au wa nne. Nywele hizo hunyonyoka zaidi kwa sababu ya mshtuko wa kupungua haraka, uhaba wa protini na wakati mwingine uhaba wa chuma, na kwa wengi huota tena. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, ambayo huanzia kwenye mayai, samaki, maharage na maziwa ya mgando, itazifaa kuliko biotini. Zaidi ya hapo, biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba inaweza kupotosha hata kipimo cha mshtuko wa moyo.

Unga wa mlonge nao unasifiwa kila kona. Ni majani yenye lishe nzuri na hakuna sababu ya kumnyima mtu kuyatumia. Lakini mimea haina B12, na hakuna kijiko cha mlonge kinachojulikana kina chuma kiasi gani ambacho tumbo lililokatwa litakipata. Vidonge vya B1, B6 na B12 kwa pamoja, ambavyo hununuliwa bila cheti kwa ajili ya ganzi, vinataka uangalifu wa aina yake, kwa sababu vingine vina B6 nyingi, nayo ikitumika kwa dozi kubwa muda mrefu huleta ganzi ileile anayoikimbia mnunuzi. Zinki huenda njia hiyohiyo: ikizidi, humfanya mtu akose shaba, na kukosa shaba huleta upungufu wa damu usiotibika kwa chuma. Uwiano unaoshauriwa ni miligramu 8 hadi 15 za zinki kwa kila miligramu 1 ya shaba.

Njia pekee ya kujua kama chaguo limefaa ni damu yenyewe. Vipimo hufanywa kwa kawaida mwezi wa tatu, wa sita na wa 12, kisha kila mwaka, maisha yote. Kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi, kwa kuwa feritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma, hushuka mapema kabla wingi wa damu haujatikisika. Katika mazingira yetu uchunguzi usiishie kwenye upasuaji: malaria, minyoo ya safura, uvimbe kwenye kizazi na hedhi nzito vyote hula damu. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyomezwa kama karanga, vinaweza kumletea mwenye baipasi kidonda pale palipounganishwa, kikavuja taratibu. Na mwanamke anayejikuta anatamani udongo au kutafuna barafu, ilhali hana mimba, aende maabara. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili ya chuma kilichopungua.

Kuhusu mimba, madaktari hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, mpaka uzito utulie. Uzazi hurudi haraka pale uzito unaposhuka, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kutofyonzwa vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo kitanzi au kijiti huaminika zaidi. Anayetarajia kushika mimba anahitaji asidi ya foliki maikrogramu 800 hadi 1,000, na vitamini A yake iwe ya beta-karotini. Ile ya retinoli ikizidi humdhuru mtoto aliye tumboni.

Imebaki bei, na hapa ndipo wengi huangukia. Kopo lililotengenezwa mahsusi kwa waliofanyiwa upasuaji ni rahisi kutumia, lina dozi karibu zote mahali pamoja, na anayelimudu miaka kumi mfululizo alinunue. Asiyelimudu anafanya vibaya kulinunua miezi minne kisha akakaa bila kitu. Multivitamini kamili yenye madini, B-komplex, kidonge cha kuongeza damu, kalsiamu yenye vitamini D, na sindano ya B12 katika kituo cha afya vinaweza kukusanywa katika duka la kawaida na kufikia namba zilezile, ilimradi kuna daktari au mtaalamu wa lishe aliyezijumlisha na kuzilinganisha na majibu ya damu. Wiki za mwanzo dawa hizo zitafunwe au ziwe za maji, zisiwe na sukari nyingi. Na anayejiandaa kusafiri kwenda kufanyiwa upasuaji nje aombe, kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, aandikiwe karatasi yenye mambo manne: aina ya upasuaji, jina la kila kirutubishi, dozi yake kwa miligramu, maikrogramu au yuniti, na tarehe za vipimo vya mwaka wa kwanza. Karatasi ya namna hiyo mfamasia wa Tanga au Kisumu ataisoma bila shida.